Waya wa Trekta

Mara ya kwanza Mzee Muhsin alipomuuliza Beldina kama amelichomeka trekta ilikuwa adhuhuri ya mwezi wa saba, Jeddah, joto limefika nyuzi arubaini na tatu na hata paka wa mtaani wamejificha chini ya magari. Beldina alikuwa akimkata kucha. Alidhani amesikia vibaya. Mzee akarudia kwa Kiingereza chake kizuri, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mfanyakazi mgeni. Usiku wa leo utakuwa mbaya, alisema, na waya wa trekta umechomekwa ukutani au bado?

Beldina alitoka Rangwe, upande wa Homa Bay, na alikuwa na miaka arubaini na moja. Katika nyumba ile ya mtaa wa Al-Nuzha kazi yake ilikuwa kumtunza mzee tu. Kupika na kufua kulikuwa na mtu mwingine. Mzee alikuwa na miaka sabini na saba, mjane, mtumishi wa serikali aliyestaafu zamani, na aliishi kwa binti yake, Madam Hanadi. Mambo ya asubuhi yalimtoka kabla ya adhuhuri. Mambo ya miaka hamsini iliyopita yalikuwa yakimrudia moja moja, na kila lililorudi lilikuja likiwa jipya, kama limetokea jana.

Madam alikuwa amemwagiza Beldina tangu mwanzo kwamba mzee akipotea arudishwe kwenye ukweli. Kwa hiyo alimjibu kwa upole kwamba hapa ni Jeddah, ni kiangazi, na hakuna trekta. Mzee alimtazama muda mrefu. Kisha akainuka, akatoka mpaka maegesho ya magari bila viatu, akaanza kupapasa ukuta kutafuta soketi, huku nyayo zake zikiungua juu ya saruji. Beldina na mpishi walimrudisha ndani akitetemeka. Alilia mpaka wakati wa Alasiri, na Beldina akampaka dawa nyayoni.

Ikawa hivyo karibu kila siku. Beldina alimweleza bintiye Emmah kwa simu. Emmah alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, Kisumu. Emmah alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Mama, usibishane naye. Haishi hapo unapoishi wewe. Mfuate kule aliko, ukamshike mkono."

Kesho yake mzee alipouliza, Beldina alijibu kwamba amelichomeka. Alifikiri yamekwisha. Lakini mzee akamuuliza ametumia waya upi, naye akasema ule mweusi. Mzee alitikisa kichwa kwa masikitiko. Mweusi ni wa taa ya zizi, alisema. Wa trekta ni ule wa rangi ya machungwa, mnene, na lazima ukiuchomeka uweke sikio kwenye injini usikie maji yanavyoanza kulia polepole kama birika. Usiposikia, hujachomeka kitu.

Beldina aliona kwamba kumdanganya mtu anayeijua kazi yake kunataka kuijua kazi hiyo pia. Akamwomba amfundishe.

Basi katika chumba kile chenye mashine ya hewa baridi, mzee akiwa amevaa kofia ya sufu, Beldina alifundishwa kuwasha trekta la dizeli katika baridi ambayo hakuwahi hata kuiota. Alifundishwa kwamba kwenye nyuzi thelathini chini ya sifuri dizeli huganda ndani ya mirija kama mafuta ya ng'ombe yaliyosahauliwa kwenye sufuria, ndiyo maana huchanganywa na mafuta ya taa kabla majira hayajageuka. Oili ya injini huwa nzito kama asali, stata ikijaribu kuizungusha inaguna tu. Betri hupoteza nusu ya nguvu zake, kwa hiyo huvuliwa jioni ikalale ndani na watu. Magurudumu yasiachwe kwenye tope, yaegeshwe juu ya mbao, la sivyo asubuhi yatakuwa yameshikana na ardhi. Na juu ya yote, hita iliyofungwa ubavuni mwa injini ichomekwe kabla ya chakula cha jioni, ikeshe.

Tangu hapo Beldina akiulizwa, alijibu yote. Mzee akawa analala ametulia. Madam Hanadi aliona baba yake hatoki tena kwenda kuungua miguu, naye hakuuliza sana.

Alasiri moja ya mwezi wa tisa mzee alikaa kimya tangu chakula cha mchana. Beldina alikuwa akimkunjia shuka miguuni alipomwita kwa jina lisilo lake. Alimwita Magdaline.

Beldina alikuwa ameshalisikia jina hilo. Magdaline alikuwa mke wa Gilbert, na Gilbert ndiye aliyekuwa mwenye shamba, huko kaskazini mwa Marekani karibu na mpaka wa Kanada, mahali mzee alipokwenda kusomea kilimo akiwa na miaka ishirini na tatu. Mabweni yalifungwa wakati wa likizo ya baridi, naye hakuwa na pa kwenda. Gilbert akamchukua amsaidie kulisha ng'ombe, akampa chumba kidogo pembeni mwa banda la trekta. Hayo yote mzee alikuwa ameshamweleza. Siku hiyo alieleza yaliyobaki.

Chumba kile na banda vilitumia soketi moja. Usiku mmoja baridi ilishuka mpaka thelathini na tano chini ya sifuri, na yeye, mtoto wa Jeddah, alihisi mifupa inamvunjika. Alikuwa na hita ndogo ya umeme ya kuotea. Akachomoa waya wa trekta akachomeka hita yake, akijiambia ni saa moja tu, akipata joto ataurudisha. Usingizi ukamchukua. Alipoamka kulikuwa kunapambazuka na theluji imeifunga barabara yote. Aliurudisha waya haraka kabla mtu hajashuka. Kumbe ndani ya nyumba kuu, chumba cha juu, baba yake Gilbert alikuwa ameshikwa na kifua tangu alfajiri. Trekta ndilo lingefungua njia hadi kwa daktari. Halikuwaka. Walihangaika nalo hadi jirani akafika na lake karibu na adhuhuri, na wakati huo mzee wa watu alikuwa ameshakata roho. Gilbert alisema lazima waya umeharibika. Kijana alinyamaza. Alibeba jeneza pamoja nao, akala chakula chao cha msiba, na chuo kilipofunguliwa akaondoka.

"Nimekuja kukuambia, Magdaline," mzee alisema, "lakini kila nikifika mlangoni nasahau nilichofuata."

 Beldina alimkunjia shuka vizuri, akamletea maji. Aliwaza kwamba maneno yale hayakuwa yake. Alikuwa ameyapokea kama mtu anayepokea barua ya jirani kwa sababu jirani hayupo. Hakumwambia Madam. Hakumwambia hata Emmah. Lakini tangu siku hiyo, mzee alipouliza habari za waya, Beldina alisikia kitu kingine chini ya swali lile.

Mwezi wa kumi na mbili mume wa Madam Hanadi alikwenda kufanyiwa upasuaji nje ya nchi, na Madam akamfuata. Mzee akahamishiwa Riyadh kwa mwanawe mkubwa, na Beldina akapelekwa pamoja naye. Mwana huyo, Yasir, alikaa mtaa wa Malaz, ghorofa ya tatu, yeye na mkewe na watoto wawili wa shule. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mhandisi wa maji, mwenye maneno machache na macho ya kuchoka. Alimpa Beldina chumba chenye kufuli la ndani na mablanketi mawili, akamwambia ikama yake, kile kibali cha ukaazi, akae nayo mwenyewe. Beldina aliona ni mtu mwema. Ila katika jambo moja hawakuelewana.

Siku ya pili Yasir alimsikia akimjibu mzee kuhusu waya wa machungwa. Alimwita jikoni. Alimwambia, bila kupandisha sauti, kwamba anamzamisha baba yake badala ya kumwopoa. "Baba yangu hajaendesha trekta hata siku moja," alisema. "Alikuwa mtu wa ofisi. Hilo trekta ni ugonjwa unaoongea. Ukilijibu, unalilisha."

Beldina angeweza kumweleza yale ya Gilbert siku hiyo. Alisema, "Sawa, bosi."

Riyadh kulikuwa na baridi ambayo Jeddah haikuijua. Asubuhi vioo vilitoa jasho, na Beldina alivaa soksi mbili. Mzee alizidi kuuliza, maana sasa hata ngozi yake ilikuwa inamshuhudia. Yasir alimjibu kila mara kwamba hakuna trekta, Baba, halas, yamekwisha. Na kila mara mzee alisimama kando ya ukuta wa sebuleni akiigusa soketi moja baada ya nyingine kwa ncha ya kidole. Yasir alikuwa akigeuza uso. Beldina alimwona jinsi taya lilivyomcheza, akaelewa kwamba hakuwa na ukali moyoni. Alikuwa anaondokewa na baba yake mchana kweupe, mbele ya macho yake, na hakuna aliyemfundisha namna ya kukaa na jambo hilo.

Katikati ya mwezi wa kwanza Yasir aliamua kumpeleka mzee shambani siku tatu, apate hewa. Mkewe alibaki Malaz kwa sababu ya mitihani ya watoto. Shamba lilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kusini mwa mji: mitende, kondoo arubaini hivi, nyumba ya vyumba vitatu, na kisima. Aliyelitunza alikuwa Titus, Mkamba wa Mwala, mtu mzima wa miaka thelathini na tano, mkimya na mchapakazi. Alifurahi kupata mtu wa kuongea naye Kiswahili. Jioni ile ya kwanza alimwambia Beldina kwamba redio imetangaza baridi kali, ajifunike vizuri, huku jangwani huwa haina utani.

Alfajiri Yasir aliondoka na gari kwenda kusali msikiti wa kijiji kilichokuwa karibu, halafu apitie dukani kuchukua mikate na maharagwe. Kulipoanza kupambazuka Beldina alimvalisha mzee koti, skafu na glavu, akamtoa barazani aone jua linavyochomoza.

Ardhi ilikuwa nyeupe. Haikuwa theluji, ilikuwa umande ulioganda, umelala juu ya mchanga na juu ya makuti ya mitende kama chumvi. Birika la kunyweshea kondoo lilikuwa limeota kifuniko cha barafu. Kipimajoto cha ukutani kilionyesha nyuzi tatu chini ya sifuri. Mzee alivuta pumzi, akaitoa, akaona mvuke wake mwenyewe ukipanda. Uso wake ukabadilika. Miezi yote aliyomjua, Beldina alikuwa amemwona akitazama vitu kama mgeni asiyeelewa kwa nini hawamfungulii mlango. Sasa alitazama kama mtu aliyefika nyumbani.

Nyuma ya zizi injini iliguna mara mbili, ikanyamaza. Titus alikuwa anajaribu kuwasha trekta avute tangi la maji kutoka kisimani hadi zizini, kama afanyavyo kila asubuhi. Iliguna tena, safari hii kwa unyonge zaidi. Kondoo walikuwa wakilia kwa kiu.

"Hakulichomeka," mzee alisema, akaanza kutembea.

Beldina alimshika mkono wakaenda pamoja. Trekta lilikuwa la zamani, jekundu lililopauka, limesimama wazi bila hata turubai. Titus alikuwa ameshika mkebe wa dawa ya kupuliza ya kuwashia injini, anataka kuipuliza kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Mzee alimwekea mkono kifuani. Alimuuliza kwa Kiingereza kama injini hiyo ina hita plagi, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha. Titus alisema zipo. Basi weka hiyo chini, mzee akasema. Ukipuliza dawa hiyo mahali penye plagi ya moto, itawaka kabla ya wakati wake, ipasue pistoni au ikuunguze uso. Titus alimtazama Beldina.

"Huyu si ndiye bosi alisema amepoteza akili?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Fanya anavyosema, kaka Titus. Hapa hajapotea."

Mzee aliuliza kwenye rejeta kuna nini. Kuna kulanti isiyoganda, Titus akasema, si maji matupu. Mzee akaitikia kwa kichwa. Basi injini haijapasuka. Aliinama taratibu, akapangusa bilauri ya filta ya mafuta kwa kidole cha glavu. Dizeli ilikuwa imekuwa na ukungu, nyeupe kama maji ya mchele. Mafuta haya ni ya lini? Titus alikiri ni ya kiangazi, tangi halijaisha tangu mwezi wa tisa.

Hapo kazi ikaanza. Mzee alisimama wima na Titus akawa mikono yake. Betri ilivuliwa ikapelekwa jikoni, iwekwe karibu na jiko, si juu yake. Beldina alichemsha maji sufuria mbili. Walifunga matambara kwenye filta na mirija ya mafuta, wakamwagia maji ya moto kidogo kidogo mpaka ule ukungu ukaanza kuyeyuka na dizeli ikarudi rangi yake. Titus aliuliza kama aweke makaa chini ya sampu, lile bakuli la oili, ili oili ipate joto. Alikuwa ameona watu wakifanya hivyo. Mzee alikataa. Moto chini ya trekta ni wa mtu anayetaka kununua trekta lingine. Wakaingiza madumu mawili ya maji ya moto chini ya tumbo la injini, wakalifunika lote kwa mablanketi ya Titus na la Beldina hadi ardhini, joto lisitoroke.

"Sasa tunangoja," mzee alisema. "Watu wa joto hawawezi kungoja. Ndipo wanapoharibu."

Walingoja karibu nusu saa. Beldina alimkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamsugua mikono. Jua lilikuwa limeshapanda lakini halikuwa na nguvu. Titus alivunja barafu ya birika kwa koleo, kondoo wakanywa mabaki.

Betri ilirudishwa. Mzee alimwambia Titus akanyage klachi hadi mwisho ili stata izungushe injini peke yake, isibebe na giaboksi iliyoganda. Awashe hita plagi na ahesabu hadi thelathini, bila kuharakisha. Kisha azungushe, sekunde kumi tu, na isipowaka apumzike dakika mbili. Mara ya kwanza haikuwaka, ila ilizunguka kwa wepesi, sauti nyingine kabisa. Mara ya pili ilikohoa ikatoa moshi mweupe. Mara ya tatu ilishika, kwa silinda mbili kwanza, inachechemea, halafu ya tatu, halafu zote, na ardhi ikatetemeka chini ya miguu yao.

Titus alicheka, akaweka gia aondoke. Mzee akamzuia. Dakika kumi, alisema, mafuta kidogo tu, usiipigishe kelele. Akataka kipande cha katoni kizibe nusu ya mbele ya rejeta ili upepo usiipoze tena. Alitazama mshale wa joto mpaka ukainuka. Ndipo akaomba apande.

Hapo Beldina aliogopa. Lakini Titus alisema atasimama kwenye kidaraja cha kupandia, mkono wake ukiwa kwenye swichi ya kuzimia. Wakampandisha hadi kitini. Mzee aliendesha kwa gia ya kwanza, polepole mno, tangi la maji likifuata nyuma, mita mia mbili kutoka kisimani hadi zizini, huku Beldina akitembea kando ya gurudumu. Hakugusa kitu chochote kimakosa. Alisimamisha pale pale panapotakiwa, akakanyaga breki, akaweka gia huru. Kisha akainamisha kichwa kumwelekea Beldina.

"Njia imefunguka?"

"Imefunguka, Baba."

"Na mzee, kule juu?"

 Kwa miezi sita Beldina alikuwa amesema uongo mdogo mdogo wa nyaya na soketi, na haukumsumbua. Angeweza kusema mzee amepona, daktari amefika. Ingekuwa rahisi na ingempendeza. Lakini aliona kwamba mtu huyu hakuwa ameomba habari njema. Alikuwa ameibeba habari mbaya miaka hamsini akitafuta pa kuitua.

"Mzee amefariki," alisema. "Moyo wake ulikuwa umechoka tangu zamani."

"Mimi ndiye niliyechomoa waya, Magdaline."

"Najua."

"Nilisikia baridi."

"Najua ulisikia baridi. Ulikuwa kijana na ulikuwa mbali na kwenu. Gilbert siwezi kumsemea. Lakini mimi sina kinyongo nawe."

Mzee alikaa akiushika usukani. Injini ilikuwa ikinguruma taratibu. Mzee akasema wasisahau kujaza tangi la mafuta kabla halijapoa, ili maji yasijikusanye ndani, kisha akaomba ashushwe.

Ni Titus aliyeona kwanza. Yasir alikuwa amesimama kwenye kona ya zizi, mfuko wa mikate umening'inia mkononi, gari lake likiwa nyuma limeachwa mlango wazi. Hawakujua amekuwa hapo tangu lini.

Hakugomba. Alimshika baba yake, akampeleka ndani, akamweka karibu na jiko na kumlisha mkate kwa mkono wake. Mzee alipolala ndipo alipomgeukia Beldina.

"Waya gani?"

Beldina alimweleza yote, jikoni, maharagwe yakipoa mezani.  Alipomaliza, Yasir alimuuliza kwa nini hakumwambia.

"Hayakuwa yangu kuyasema, bosi. Na wewe ulisema hakuna trekta."

Yasir alikaa akiwa ameshika kikombe kisicho na chai. Kisha akaanza kusema, kama mtu anayejisemea. Alisema walipokuwa wadogo kule Jeddah baba yao hakulala bila kuzunguka nyumba nzima akigusa kila waya ukutani, mara mbili, mara tatu, hata mama yao alipomkasirikia. Watoto walimcheka. Yasir mwenyewe alikuwa akimwigiza mbele ya binamu zake, akipapasa ukuta na kukunja uso, na siku moja baba yake alimkuta akifanya hivyo, akapita bila neno. Walidhani ni ubahili wa umeme. Alisema pia kwamba picha moja ipo, ya baba yake kijana amesimama penye theluji na watu wawili weupe, naye hajawahi kuuliza ni akina nani.

Jioni Beldina alimuuliza Titus kama alikosea. Mtu hawezi kumsamehe mtu kwa niaba ya mwingine, alisema, mwingine ambaye hata hajui kama bado yu hai. Kanisani kwao alifundishwa kwamba msamaha una mwenyewe.  Titus alisema yeye hajui mambo ya kanisani, lakini mzee hakumuuliza Mungu wala hakimu, aliuliza mwanamke aliyesimama pale kwenye baridi, na aliyesimama pale alikuwa yeye. Beldina hakuridhika kabisa na jibu hilo. Alilala nalo hivyo hivyo.

Waliporudi Malaz mzee hakuuliza tena habari za trekta. Kutwa ya kwanza Beldina alishukuru. Ya pili alingoja. Ya tatu alimuuliza mwenyewe, kwa kumpima, kama waya uchomekwe, naye akamtazama kwa adabu ya mtu asiyeelewa lugha. Soketi za sebuleni alizipita kama kuta tu. Alilala vizuri, alikula kidogo, na akawa mkimya zaidi ya zamani. Emmah alimwambia mama yake kwamba ugonjwa huo hushuka ngazi hivyo, usijilaumu, ungeshuka tu. Huenda. Lakini Beldina alikuwa amezoea kuulizwa. Alikuwa na elimu nzima kichwani isiyo na wa kuitumia, na wakati mwingine, akipanguza meza, alijikuta akihesabu hadi thelathini.

Aliyeumia zaidi alikuwa Yasir. Alileta ile picha kutoka kwenye sanduku, akaiweka magotini pa baba yake, akamuuliza huyu ni Gilbert? Huyu ni Magdaline? Alitafuta video za matrekta kwenye theluji akamwonyesha. Alimwomba Beldina amfundishe zile hatua, akazijifunza kama mwanafunzi, akazisema mbele ya mzee kwa sauti, akikosea makusudi ili asahihishwe. Mzee alimsikiliza kwa tabasamu, akamshukuru, akauliza kama ni mgeni wa Hanadi.

Karibu wiki tatu alifanya hivyo. Halafu akaacha. Beldina alifikiri amekata tamaa.

Jioni moja alikuwa jikoni akikata bamia. Mke wa Yasir alikuwa amewapeleka watoto dukani. Sebuleni Yasir alikuwa amevuta kiti karibu na cha baba yake, magoti yao yakigusana, na alikuwa anaongea kwa Kiarabu, sauti ya chini. Baada ya mwaka mmoja na nusu katika nchi hiyo Beldina alikuwa anaelewa mengi. Yasir hakuwa anauliza kitu. Alikuwa anamweleza baba yake kosa alilofanya na kulificha akiwa na miaka kumi na tisa, kuhusu gari la ami yake, na mtu mwingine aliyefukuzwa kazi kwa ajili hiyo.  Mzee alikuwa amemshika mkono, akiupigapiga taratibu kwa vidole, akimtazama usoni kwa makini.

Beldina aliweka kisu chini, akaenda akaufunga mlango wa jikoni polepole usilie. Kisha akarudi kwenye bamia zake.